Kinoo cha wembe

Kinoo cha wembe ni jiwe la asili lenye chembe laini sana, la kutilia makali wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani ambao ubapa wake hujificha ndani ya mpini. Si kila jiwe la kunolea panga linafaa kazi hiyo. Panga linataka makali yenye meno kidogo ili lishike mti. Wembe unapita juu ya ngozi ya mtu, na jino lolote lililobaki kwenye makali litajulikana shavuni. Ndiyo maana mtu wa Hombo, mashariki mwa Kongo, aliyezungukwa na mawe kila upande bado anaweza kukosa jiwe la wembe wake.

Mawe ya Masisi na Walikale

Hombo iko kwenye barabara ya Bukavu kwenda Walikale, mahali ambapo mto Hombo unaigawa Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Ukielekea Masisi, hasa upande wa Sake, unakutana na mawe meusi ya volkeno yaliyotokana na mlima Nyamulagira na wenzake. Jiwe hilo ni kali na linakula chuma upesi, lakini limejaa vitundu vilivyoachwa na gesi wakati lava ilipoganda. Mdomo wa kila kitundu unamega makali ya wembe. Kwa jembe na shoka, jiwe hilo halina neno.

Walikale ina miamba ya kale zaidi: graniti, kwarziti na shisti, pamoja na kasiteriti, madini ya bati ambayo yameifanya Bisie ijulikane kwa wachimbaji. Katika mito ya huko ndimo mwa kutafuta. Jiwe la kuchagua ni la rangi moja, zito kiasi, lisilo na mishipa myeupe ya kwarzi wala vigamba vya ulanga vinavyometameta, kwa kuwa mshipa mmoja unatosha kuharibu kazi ya jiwe zima, na penye ulanga mwingi jiwe hubanduka matabaka. (Likiwa zito kupita kiasi, huenda ni kasiteriti, na huku Walikale jiwe la namna hiyo lina mnunuzi wake kabla mnoaji hajaliona.)

Mwenye kuchagua hulilowesha jiwe, akalipitishia ukucha: ukikwama mahali, hapo pana chembe kubwa. Halafu huligonga. Mlio wa wazi ni dalili ya uzima. Mlio uliofifia huashiria ufa wa ndani. Tone la maji lililodondoshwa kwenye jiwe kavu likanywewa papo hapo linaonyesha jiwe lenye matundu. Ila hakimu wa mwisho ni chuma chenyewe. Chukua kisu kikuukuu, kisugue kidogo juu ya jiwe lenye maji, kisha kitazame juani ukikiinamisha. Maji yakigeuka ya kijivu, jiwe linakula chuma. Kisu kikiwa na ukungu ulioenea sawasawa, jiwe linafaa. Kikiwa na mikwaruzo mirefu inayoonekana kwa macho, lirudishe kwenye mapanga.

Mawe mashuhuri

Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo tangu 1908 hadi 1960, ndiyo yenye jiwe la wembe linalosifiwa kuliko mengi: kotikule, ya rangi ya manjano, inayochimbwa Ardennes karibu na Vielsalm. Kinachonoa ndani yake ni ganeti ndogondogo zenye pande nyingi butu, hivyo hazichimbi mikwaruzo ya kina. Mishipa yake ni myembamba, kwa hiyo kipande hugundishwa juu ya jiwe jeusi la kukihimili. Japani ina mawe ya milima ya Kyoto, na Marekani ina novakuliti ya Arkansas, ambayo karibu yote ni kwarzi na mara nyingi hutumiwa kwa mafuta. Kotikule inataka maji tu.

Matumizi na utunzaji

Wembe hulazwa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, ukasukumwa makali yakitangulia bila kukandamiza. Unene wa mgongo ndio unaopima pembe, kwa hiyo kuuinua ni kosa. Kwenye mkanda wa ngozi mambo hugeuka: mgongo ndio unaotangulia.

Jiwe huliwa katikati likawa kama bonde, na bonde halinoi wembe ulionyooka. Lichorewe mistari ya penseli uso mzima, lisuguliwe juu ya msasa wenye maji uliolazwa kwenye kioo, mpaka mstari wa mwisho ufutike. Kingo zilegezwe kidogo zisimeguke. Baada ya kazi lioshwe tope lake, likaushwe kivulini, kamwe si jikoni: joto la ghafla hulipasua. Mafuta yakiingia katika jiwe la maji ni shida kuyatoa. Na atakayeazima jiwe hilo kunolea panga anyimwe, hata akiwa shemeji.

Nyembe za kutupa, zilizosambaa baada ya King Gillette kupata hataza yake Marekani mwaka 1904, zimepunguza sana kazi ya kinoo. Vinyozi wengi sasa huvunja wembe vipande viwili na kubandika nusu kwenye kishikio, kila mteja na wake. Wembe wa kunolewa unaopita kichwa hadi kichwa unaweza kubeba VVU na homa ya ini aina ya B. Kinoo huondoa ubutu, hakiui virusi, hivyo wembe huo ni wa mtu mmoja, au usafishwe kwa dawa kabla ya kila mteja.