Umbo la Hati katika Bandari ya Bujumbura

Mzigo wa ng'ambo unaofika Bujumbura kwa njia ya ziwa hushushwa kwanza Dar es Salaam, ukapanda reli hadi Kigoma, kisha ukavushwa kwa tishari hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na kila mkono unaoupokea hutaka karatasi yake. Mkataba wa Uingereza na Ubelgiji wa tarehe 15 Machi 1921 uliwapa Wabelgiji, waliotawala Ruanda-Urundi, maeneo Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili shehena yao ipite bila kutozwa ushuru wa forodha njiani. Msamaha wa namna hiyo ulisimama juu ya hati, hasa manifesti, yaani orodha ya mizigo yote iliyomo chomboni, na hati ya shehena, ambayo ni stakabadhi ya mchukuzi na pia uthibitisho wa mwenye mali.

Tatizo halikuwa uchache wa hati bali wingi wa maumbo yake, kwani karani alilazimika kupiga taipu jina lilelile na uzito uleule kwenye fomu ambazo kila moja ilikuwa na mpangilio wake. Mwaka 1963 Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya ilitoa mpangilio mmoja wa hati za biashara ya nje, uliokuja kuenea duniani, ambamo kisanduku cha juu kushoto ni cha mpelekaji na cha chini yake ni cha mpokeaji. Vipimo vyake vilifuata mashine ya taipu: mstari ulishuka kwa sehemu moja ya sita ya inchi, herufi ikachukua sehemu moja ya kumi, na pambizo ya kushoto ikawa milimita 20. Hapo mwandishi aliachiwa maneno tu. Umbo lilikwisha kuamuliwa.

Kwa hiyo kufunga umbizo, yaani kumzuia mtumiaji asibadili fonti, ukubwa wa herufi au nafasi kati ya mistari, si uvumbuzi wa kompyuta, ingawa Word ya mwaka 2003 ilipoleta uwezo wa kuruhusu mitindo iliyoteuliwa pekee ilionekana kama jambo jipya. Programu hiyo, hata hivyo, huzuia kwa hiari, maana mwenye nywila huweza kuondoa kizuizi. Ukali zaidi umo katika SYDONIA, mfumo wa forodha uliobuniwa na UNCTAD na unaotumiwa na Mamlaka ya Mapato ya Burundi, iliyoundwa mwaka 2009. Humo tamko la forodha hujazwa kisanduku kwa kisanduku, na wakala wa forodha hana pa kukoleza herufi wala kupanua pambizo.