Je, Damu Hukumbuka?

Babu yangu mzaa baba alikuwa mhunzi huko Bukoba. Mimi nimezaliwa Dar es Salaam, Manzese, na nyundo yake iko uvunguni mwa kitanda changu. Juzi mpini wa panga la nyumbani ulilegea, mama akanipa niukaze. Nikaupasua! Mama akacheka mpaka akakaa chini. "Na wewe ni mjukuu wa mhunzi?" Jioni hiyohiyo nikamsomea ukurasa wa riwaya yangu, akasema, "Hii umerithi kwa babu yako, yule mzee alijua kusimulia." Sasa ni damu gani hii inayobeba hadithi ikaacha nyundo?

Swali lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1880, Mjerumani August Weismann alikata mikia ya panya kizazi baada ya kizazi, na watoto wao wakaendelea kuzaliwa na mikia mizima. Angewauliza wazee wa jando wangemwambia bure. Vijana wametahiriwa tangu enzi na enzi, na ngariba hajakosa kazi hata siku moja. Siku hizi wapo wataalamu wanaosema njaa au hofu ya mzazi inaweza kuacha alama kwa mtoto. Sawa. Lakini alama ya njaa haimfundishi mtu kulima.

Mimi ushahidi wangu nautafuta Buhaya. Pale Katuruka wazee walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Mahali penyewe wakapaita Kaiija, yaani pa kufulia chuma. Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani aliyefika huko mwishoni mwa miaka ya 1960, akachimba walipomwonyesha. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye zaidi ya miaka 2,000! Hebu fikiri, ndugu msomaji. Rugomora ni wa karne ya 17 tu. Hadithi ilikosea mfalme, haikukosea mahali. Na waliofikisha habari hiyo ni watu, mdomo kwa sikio, miaka yote hiyo bila daftari.

Ufundi je? Kazi ya kuyeyusha mawe ya chuma ilikufa zilipojaa bidhaa za bei nafuu kutoka Ulaya. Babu mwenyewe hakuyeyusha, alifua majembe kwa chuma chakavu. Katika miaka ya 1970 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakawaomba wazee waliowahi kuifanya kazi ile ujanani wairudie. Wazee wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma, wakachoma majani ya kinamasi katika shimo lake, wakaingiza mirija ya udongo, wakavukuta. Haikukubali mara moja. Mikono ilikuwa imekaa bure miaka mingi mno. Ikabidi wajaribu, warekebishe, warudie tena, mpaka chuma kikatoka. Mwaka 1978 habari zao zikachapishwa katika jarida la Science.

Mimi kinachonigusa ni kule kurudia. Damu ileile walikuwa nayo vijana wote wa Buhaya, lakini walioitwa ni wazee. Na wao pia iliwabidi wajifunze upya.

Halafu mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakatambuliwa huko huko Kagera. Katika ukoo wetu walikufa baba wadogo wawili, ndio waliokuwa wakikaa na babu jioni. Babu akawafuata, kwa uzee. Mimi nilikuwa mjini nikicheza mpira, na nyundo ikaletwa kwa basi ndani ya gunia.

Bibi bado yupo. Mwezi uliopita alikuja kutibiwa macho, nikakaa naye na daftari langu. Nikamwuliza, "Bibi, babu alikuwa anaanzaje hadithi zake?" Akanitazama muda mrefu.

"Kwanza zima hiyo redio," akasema. "Halafu weka kalamu chini."