Mdondo na Kalenda ya Mfugaji wa Kuku wa Kienyeji Tanzania

Kuku, aliyefugwa kwanza Asia ya Kusini-Mashariki, alivuka Bahari ya Hindi katika mkondo wa biashara, na mifupa iliyofukuliwa Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, inaonyesha kuwa kufikia karne ya 8 hivi alikwishazoeleka pwani. Baadaye yakajulikana makundi kama kuchi, yaani kuku mrefu wa kupiganishwa. Kishingo, asiye na manyoya shingoni. Na kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja.

Ufugaji huu ulitawaliwa na majira. Masika yalileta baridi iliyoua vifaranga, pamoja na mbu walioeneza ndui ya kuku, ambayo huota vipele kwenye upanga na kope. Lakini hayo yalikuwa madogo mbele ya mdondo, au kideri, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa na wataalamu mwaka 1926 huko Java na Newcastle, Uingereza. Mdondo huzuka zaidi kiangazi: kuku hujikunyata, huharisha kijani, shingo humpinda, na baada ya siku chache banda zima huweza kubaki tupu. Mfugaji aliyesikia kuwa kuku wanakufa kijiji jirani aliwahi kuwatia wake tengani na kuwapeleka gulioni, uamuzi wa busara kwa kaya yake, ingawa ndio uliousafirisha ugonjwa, kwa kuwa kuku aliyeambukizwa huweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa.

Wataalamu waliohimiza majogoo wa kigeni ili kuongeza uzito na mayai walianzia mwisho, maana jogoo bora naye huuawa na mdondo. Na mfugaji aliyesita kugharimia banda na chakula, akahesabiwa kuwa mzembe, pengine alikuwa amepiga hesabu vizuri kuliko wao.

Hesabu hiyo ilibadilishwa na chanjo ya mdondo iitwayo I-2, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na Peter Spradbrow na wenzake, kisha ikazalishwa Temeke, Dar es Salaam. Kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo za awali, iliweza kufika vijijini kusiko na jokofu, na hutolewa kwa tone moja jichoni, liwe la kifaranga au la tembe. Kinga yake hudumu miezi minne hivi, na vifaranga huanguliwa mwaka mzima, hivyo hurudiwa mara 3 kwa mwaka, mojawapo kabla ya msimu wa mlipuko, kwani kuku aliyekwisha kuugua haponywi na chanjo.