Moto wa San Francisco na Viungo vya Mabomba

Labda, ewe msomaji, umepata kuushika mpira wa kunyweshea bustani. Maji yafunguliwapo kwa ghafula, mpira uliopindika hujinyoosha na kurukaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Basi fikiri bomba kubwa la chuma lililozikwa ardhini, lipelekalo maji kwenye vinyunyizio vya kuzimia moto darini mwa kiwanda. Kila lipindapo kona, maji yaliyobanwa ndani hulisukuma kwa nje, usiku na mchana. Kiungo kisipozuiwa huweza kuchomoka. Na siku ya moto vinyunyizio vile huwa pambo tu.

Mji wa San Francisco, nchini Marekani, ulijifunza thamani ya viungo kwa msiba mkubwa. Alfajiri ya tarehe 18 Aprili, 1906, ardhi ilitetemeka kwa muda wa dakika moja hivi. Nyumba nyingi ziliharibika, lakini nyingi zaidi zilibaki zimesimama. Kisha mioto ikazuka huku na huku. Wazimamoto waliyakimbilia mabomba, wakayafungua, na katika mitaa mingi maji hayakutoka. Je, maji yalikuwa yamekwisha? La! Nje ya mji mabwawa yalikuwa na maji tele, na ukuta wa bwawa la Crystal Springs haukubomoka. Kilichovunjika ni njia. Mabomba makuu yaliyoleta maji mjini yalikatika, na yale ya mitaani yalivunjika mahali pengi, hasa palipokuwa pamejazwa kifusi juu ya kinamasi. Moto ukaula mji kwa siku tatu. Majengo yapatayo 28,000 yaliangamia, na watu wanaokadiriwa kupita 3,000 wakafa kwa tetemeko na moto.

Mwaka 1908 wananchi walikubali kwa kura kugharimia mabomba mengine, ya kuzimia moto peke yake. Yalijengwa kwa chuma kizito. Na penye kona na miteremko, viungo vilifungwa kwa nondo, ili kipande kimoja kisiachane na mwenzake. Ndivyo wafanyavyo mafundi hata leo: ama hukifunga kiungo kwa vyuma, ama humwaga zege nyuma ya kona, liegemee udongo mgumu usiopata kuchimbwa.

Hata hivyo, tetemeko la tarehe 17 Oktoba, 1989, lilivunja baadhi ya mabomba hayo, na moto wa mtaa wa Marina ulizimwa kwa msaada wa Phoenix, meli ya wazimamoto iliyovuta maji ya bahari. Kazi njema nayo yahitaji kuangaliwa, na njia moja haitoshi.

Ewe mwanafunzi, huenda siku moja ukawa fundi, au mkaguzi wa kazi za mafundi. Kabla mtaro haujafukiwa, shuka ukakitazame kila kiungo kwa macho yako. Kikiisha kufukiwa hakionekani tena, na siku ya moto haitakupa nafasi ya kukitengeneza.