Maandalizi ya wanafunzi wenye ulemavu kujiunga na chuo kikuu nchini Tanzania

Maandalizi ya wanafunzi wenye ulemavu kujiunga na chuo kikuu ni hatua zinazochukuliwa na mwanafunzi, wazazi, shule na chuo kabla ya masomo ya mwaka wa kwanza kuanza, ili ulemavu usiwe kikwazo cha kusoma. Nchini Tanzania kipindi muhimu ni kati ya mtihani wa kidato cha sita, ambao kwa kawaida hufanyika mwezi Mei, na kufunguliwa kwa vyuo vikuu mwezi Oktoba au Novemba.

Msingi wa kisheria

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 24 inataka watu wenye ulemavu wapate elimu ya juu bila ubaguzi, na wafanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yao. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, ambayo pia inalinda haki ya elimu.

Tofauti kati ya shule na chuo

Shuleni, mambo mengi hupangwa kwa niaba ya mwanafunzi. Mwalimu wa elimu maalumu anamfahamu kwa jina, na shule hupeleka taarifa zake Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), ambalo huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na kuongeza muda wa mtihani.

Chuoni hali ni tofauti. Mhadhiri anaweza kuwa na mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja, na asijue kwamba mmoja wao hasikii. Taarifa za shule hazimfuati mwanafunzi zenyewe. Ni lazima yeye ajitambulishe na aeleze anachohitaji. Anayenyamaza kwa aibu, au kwa kudhani kwamba chuo kinajua, anaweza kufika kwenye majaribio ya kwanza bila maandishi anayoweza kuyasoma au bila mkalimani.

Kuomba nafasi na mkopo

Tangu mwaka 2017 waombaji hutuma maombi moja kwa moja katika vyuo wanavyovitaka. Kabla ya kuchagua, inafaa kuuliza kama chuo kina kitengo cha elimu maalumu, wakalimani wa lugha ya alama, mashine za nukta nundu, na majengo yenye njia za mteremko. Ukubwa wa eneo nao ni jambo la kuzingatia: kwa anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, umbali kati ya hosteli, maktaba na kumbi za mihadhara unaweza kuamua kama atahudhuria vipindi vyote.

Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) huthibitisha ulemavu wake kwa fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Fomu hiyo ishughulikiwe mapema, kwa kuwa safari ya kwenda hospitali na kumsubiri daktari huweza kuchukua siku nyingi.

Vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa pia kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Matangazo ya miaka ya karibuni yamewaelekeza wenye ulemavu wa kuonekana kuripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kuwahudumia.

Stadi za kujifunza mapema

Kwa asiyeona, stadi ya kwanza ni kompyuta. Vitabu vya nukta nundu vya ngazi ya chuo ni vichache, hivyo sehemu kubwa ya usomaji hufanyika kwa programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini. NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hupatikana bila malipo. Stadi ya pili ni kutembea kwa fimbo nyeupe katika mazingira mapya.

Kiziwi anahitaji kukubaliana na mkalimani kuhusu alama za istilahi za somo lake, kwa kuwa istilahi nyingi za kitaalamu hazina alama zilizozoeleka. Mwenye ualbino huhitaji kukaa mbele, maandishi makubwa, kofia pana na mafuta ya kukinga jua.

Wote hufaidika kwa kujifunza kufua, kupika, kutunza fedha za kujikimu na kueleza mahitaji yao kwa sentensi chache zilizo wazi.

Wajibu wa wazazi, walimu na vyama

Mzazi anayemfanyia mtoto kila kitu kwa upendo humwacha bila mazoezi siku ya kuachana naye getini. Mwalimu anaweza kuandika barua inayoeleza msaada uliomfaa mwanafunzi shuleni, ili aiwasilishe katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Vyama kama Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), Chama cha Wasioona Tanzania na Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania vinaweza kumkutanisha na waliomtangulia chuoni.

Wiki za kwanza

Inashauriwa kufika siku chache kabla ya wengine, kuzizoea njia na vyoo, kuomba chumba cha ghorofa ya chini inapohitajika, na kuonana na kila mhadhiri kabla ya kipindi cha kwanza. Mipango ya mitihani, kama vile muda wa nyongeza au mwandishi, iombwe kwa maandishi mwanzoni mwa muhula, na nakala ya barua ihifadhiwe.