Maisha ya Chumba Kimoja: Tulivyoanza Nyumba Zetu Tandika na Mbagala

Kamati ya kitabu iliniambia mimi kama mwenyekiti niandike historia ya kikundi. Nikawajibu kwamba historia hiyo katibu ameshaiandika vizuri, na mahesabu anayo mweka hazina. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, nitaandika ninachokijua, nacho ni jinsi tulivyoanza maisha sisi tuliokuwa maharusi mwanzoni mwa miaka ya tisini hapa Temeke. Maana ukiniuliza kikundi hiki kilianzia wapi, nitakwambia kilianzia kwenye korido ya nyumba ya vyumba sita kule Tandika, wakati hatujui hata neno hisa.

Niliolewa mwaka 1991 nikitokea Maneromango, Wilaya ya Kisarawe. Nilikuwa na miaka ishirini. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam, na alikuwa akilala kwa kaka yake, sebuleni. Baada ya harusi ikabidi nibaki nyumbani kwa mama wiki tatu wakati yeye anatafuta chumba. Watu wa kijijini wakaanza kuniuliza, vipi mwali, mume amekusahau? Kumbe mwenzangu anahangaika na kodi, kwa sababu mwenye nyumba anataka ya miezi sita, tena mkononi. Alikopa kwa wenzake wa kiwandani, na deni hilo tulilila na kulilipa mpaka mtoto wa kwanza akazaliwa.

Wajukuu zetu hawazijui vizuri nyumba zile, kwa hiyo nitaeleza. Ni nyumba ya Kiswahili: mbele baraza, mlango mmoja, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma ua wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Nyumba za namna hii ndizo zilizojaza Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke tangu wakati wa ukoloni. Serikali ilijitahidi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na miaka ya sabini vikapimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lakini mji ulikuwa unakua mbio kuliko viwanja, na sisi wenye kipato cha chini tukabaki kupanga chumba kimoja kimoja. Chumba ndiyo nyumba.

Vitu nilivyoingia navyo navikumbuka vyote, kwa sababu vilikuwa vichache. Kitanda cha futi nne kwa sita. Godoro la sufi ambalo mama na shangazi zangu walilijaza wenyewe kutoka msufi wa nyuma ya nyumba. Mkeka, sufuria tatu, karai, ndoo mbili, mbuzi ya kukunia nazi, jiko la mkaa, kibatari, na doti sita za kanga. Katikati ya chumba tulitundika shuka, upande huu chumbani, upande ule sebuleni. Chini ya kitanda ndiyo stoo. Mgeni akija kutoka kijijini anatandikiwa mkeka upande wa sebule, na sisi maharusi tunalala kimya kama maji mtungini. Wageni wengine walikaa mwezi mzima, na huwezi kumwambia mkwe aondoke.

Somo wangu alinifundisha mengi kabla sijaolewa. Alinifundisha namna ya kumpokea mume, usafi, na adabu kwa wakwe. Korido hakunifundisha, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuishi na wapangaji. Sikujua kwamba ua unafagiliwa kwa zamu. Sikujua kwamba bomba linatoka maji saa nane za usiku, na asiyeamka hana maji siku hiyo. Sikujua kwamba umeme unalipiwa kwa kuhesabu taa, na ukionekana unapiga pasi mchana, mama mwenye nyumba anasimama mlangoni na kukohoa. Hapo LUKU bado, bili inakuja moja kwa nyumba nzima.

Hata mkaa sikuuzoea. Kwetu tulipikia kuni. Siku ya tatu mume wangu alikuwa shifti ya usiku, anatakiwa atoke na chakula saa kumi na mbili jioni. Nikamimina mkaa jiko zima, nikapepea mpaka kanga ikatoboka, moto haushiki. Kibiriti kikaisha. Nikakaa kwenye kizingiti nikalia, si kwa ajili ya moto tu, nilimkumbuka mama. Basi akatoka dada wa chumba cha tatu. Hakuniuliza kitu. Alichukua kaa la moto kwenye jiko lake, akaliweka juu ya kifuniko cha sufuria, akaja akalichomeka katikati ya mkaa wangu na kusema, "Mdogo wangu, Dar es Salaam moto tunaazimana." Ugali ule uliiva nusu, mume wangu akala akaenda kazini. Dada huyo nitamrudia, kwa sababu ndiye sababu ya kuandika haya.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, wakati wa Mzee Mwinyi. Foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa themanini zilikuwa zimekwisha, madukani vitu vimejaa, mitumba imejaa, ila mfukoni ndiyo hakuna. Mshahara wa kiwandani ulikuwa unafika katikati ya mwezi na kukata roho. Ndipo wake tukaanza kuhangaika. Mimi nilipika vitumbua na kuviuza barazani kuanzia alfajiri. Mwingine alikaanga samaki, dada wa chumba cha tatu alikuwa na cherehani. Mwaka 1992 na tena 1994 ulikuja mgao wa umeme, maji yalipungua katika bwawa la Mtera. Sisi wa vibatari tulicheka mwanzoni, tukasema kibatari hakina mgao. Kicheko kilikwisha pale mitambo ya kiwanda iliposimama na waume zetu wakarudishwa nyumbani.

Wakati huo ndipo tulipoanzisha upatu wa korido. Tulikuwa wanawake kumi, sita wa nyumba yetu na wanne wa nyumba ya pili. Kila Jumapili unatoa, na zamu tulipanga kwa kuokota vikaratasi. Daftari alishika dada wa chumba cha tatu, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Hakukuwa na katiba wala muhuri. Waume wengine waliambiwa, wengine hawakuambiwa, mimi nilikuwa katika kundi hili la pili. Zamu yangu ilipofika nilinunua bati, nikazificha nyuma ya kabati kwa dada yule yule. Mume wangu alikuja kuzigundua siku aliyokwenda kumsaidia kuhamisha kabati. Akaniuliza, "Mama Asha, hizi bati umeoa nani?" Tulicheka usiku kucha. Hasira ilikuja baadaye na ikapita.

Mwaka 1995 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Alilipwa kiinua mgongo. Tukakaa kitandani tukahesabu, maana meza hatukuwa nayo, tukaona tununue kiwanja Mbagala upande wa Charambe, wakati huo bado kuna mikorosho. Kiinua mgongo hakikutosha. Nikaongeza zamu mbili za upatu, yangu na nyingine niliyoazimwa. Mwaka 1996 tukaandikishiana na muuzaji kwa mjumbe wa nyumba kumi. Karatasi ya daftari, kalamu ya bluu, mashahidi wanne wanaume. Mimi niliwapikia chai na kuleta vitumbua. Jina langu halikuandikwa, hata kwenye safu ya mashahidi. Na ukweli lazima usemwe, siku hiyo sikuliona kuwa ni tatizo. Nilikuwa na furaha ya kuwa na kwetu.

Tulihamia mwaka 1997 chumba kimoja tu kikiwa na bati, dirisha tumeziba kwa gunia. Hatukujua kwamba zinakuja mvua za El Nino. Mvua zile zilianza mwishoni mwa mwaka ule zikaingia hadi 1998, bila kupumzika. Ukuta wa tofali za udongo upande wa choo ulianguka usiku, watoto wawili tukawaweka juu ya kitanda, sisi tumesimama ndani ya maji tumeshika ile shuka ya Tandika kuziba dirisha. Mume wangu akasema, "Angalau hakuna wa kutudai kodi." Hivyo ndivyo alivyo mpaka leo, jambo likiwa zito yeye anatafuta la kuchekesha.

Dada wa chumba cha tatu na mumewe nao walinunua jirani na sisi, kwa utaratibu ule ule, kiinua mgongo na upatu. Cherehani ndiyo iliyonunua mabati yote na milango miwili. Najua, kwa sababu nilikuwepo, na daftari la upatu lilionyesha. Mwaka 2001 mumewe alifariki. Arobaini ilipokwisha, ndugu wa marehemu walikuja na ile karatasi. Jina ni moja, la ndugu yao. Waliuza. Alitoka na cherehani, watoto wawili na godoro, akalala kwangu sebuleni miezi minne, upande ule wa pazia.

Nikamwambia mume wangu, na langu jina liandikwe. Jamani, hapo ndipo nilipoijua ndoa. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama ninamwombea kifo. Akasema ndugu zake si watu wa namna ile. Mimi nikasema hata ndugu wa yule walikuwa wanakula kwetu pilau ya Idi na hawakuonekana kuwa watu wa namna ile. Tulikaa karibu miaka miwili tukilikwepa neno karatasi ndani ya nyumba.

Mwaka 2003 nilikwenda semina ya akina mama ya siku mbili iliyoendeshwa na wanasheria wanawake. Huko ndiko nilikosikia kwamba Sheria ya Ndoa ipo tangu mwaka 1971, mwaka niliozaliwa mimi. Kifungu cha 59 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Tukaelezwa kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambapo mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa majaji waliona fedha alizokwisha pewa na mumewe ndizo fungu lake, lakini msimamo wa kesi ulibaki na umesaidia wengi. Tena ikaelezwa kwamba Sheria za Ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika 2001, zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Nikanyoosha mkono, nikauliza kuhusu mjane. Mwanasheria akasema wazi kwamba talaka ni jambo moja na mirathi ni jingine. Mirathi ina njia zake, za kimila, za Kiislamu na za sheria ya Serikali, na kwa mjane karatasi yenye majina mawili inapunguza ugomvi mwingi sana.

Nilirudi nikamweleza mume wangu kama nilivyoelezwa, bila kugomba. Hakujibu. Baada ya wiki moja akaniambia nivae, tunakwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Ikaandikwa karatasi ya pili kwamba kiwanja na nyumba ni mali ya wawili, majina mawili, sahihi mbili, mashahidi wanne, safari hii wawili wanawake. Chai alinunua yeye. Ameisoma makala hii kabla sijaipeleka kwa katibu, akasema niache kila kitu ila nisiseme alikohoa machozi. Sijasema.

Tulipokutana chini ya mwembe wangu miaka kumi iliyopita kuanzisha kikundi, wanne kati yetu tulikuwa wa korido ile ile ya Tandika. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu. Tulipoandikishwa kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ofisa alishangaa kukuta katiba yetu ina kipengele ambacho hajakiona kwingine: mwanachama hapewi mkopo wa kiwanja, tofali au bati mpaka alete karatasi ya mauziano yenye jina lake. Kipengele hicho kimetuletea maneno. Waume wawili waliwatoa wake zao kikundini, mmoja amerudi. Aliyekipendekeza ni dada wa chumba cha tatu, na sasa mnamfahamu, ndiye mweka hazina wetu. Kiwanja chake cha pili amekilipia kwa mikopo mitatu ya kikundi hiki, na karatasi ina jina moja, lake.

Wale ambao karatasi zenu bado zina jina la mume peke yake, katibu huwa anabaki kila Jumamosi baada ya kikao kuwasaidia kuandika. Mje na mume, na mashahidi. Chai ipo.