Waliovaa Manyoya ya Wangoni

Desemba 1866 wapagazi kutoka Anjouan waliingia Unguja na habari nzito: David Livingstone ameuawa na Mazitu huko bara. Kiongozi wao, Musa, alisimulia mapigano yale kinagaubaga, na wengi mjini wakamsadiki. Ulikuwa uongo mtupu. Wapagazi walisikia tu kwamba Mazitu wako mbele, wakamwacha bwana wao na kugeuza njia. Mwaka 1867 msafara wa E. D. Young ulifika hadi Ziwa Nyasa, ukathibitisha kwamba mzee yule alipita huko salama.

Mazitu, Mafiti, Magwangwara: kusini yote majina hayo yalitosha kuhamisha kijiji. Yalibandikwa kwa yeyote aliyetokea na ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa kuchomea. Wenye mkuki huo kwa asili walikuwa Wangoni. Zwangendaba aliondoka kusini mwa Afrika na ufundi wa vita wa enzi za Shaka, akavuka Zambezi mwaka 1835, akafia Ufipa miaka ya 1840. Baada yake watu wake waligawanyika, na tawi moja likashuka hadi nchi ambayo leo ni Songea. Huko waliwakuta Wangoni wa Maseko, wakapigana nao na kuwasukuma ng'ambo ya Ruvuma. Zikabaki dola mbili, Njelu ya akina Gama na Mshope ya akina Tawete.

Lakini waliotoka kusini walikuwa wachache mno. Nani basi walijaza vikosi vile?

Mateka. Kijana wa Kindendeuli aliyechukuliwa mtoni akiwa na mtungi alikua akitazama. Aliona kwamba anayerudi na ng'ombe na watu hupata mke, hupata jina, huketi karibu na nkosi, mtawala wao. Aliona pia kwamba mwenye jembe hana hadithi ya kusimulia jioni. Miaka michache baadaye naye alikuwa na ngao, akivamia vijiji vilivyofanana na kile alikozaliwa. Waliomezwa hivyo waliitwa Wasutu, na ndio waliokuwa wengi. Hata nduna, yaani jemadari, Songea Mbano, aliyeupa mji wa Songea jina lake, hakuwa wa damu ya Zwangendaba. Ukoo wake uliunganishwa njiani, katika nchi za Washona. Anayedai kwamba uvamizi ulikuwa katika damu ya kabila fulani atueleze damu ipi.

Majirani nao walikuwa wakitazama. Wasangu waliuchukua ufundi huo, kisha Wahehe wa chifu Munyigumba, na kati ya 1878 na 1882 Wahehe na Wangoni walipambana kwa mbinu zilezile hadi pande zote zikachoka. (Leo ni watani, na misibani hakuna anayesalimika na ndimi zao.) Kisa cha ajabu zaidi ni cha Mahenge. Joseph Thomson, aliyepita pande hizo mwaka 1879, aliandika kwamba wenyeji hawakuwa Wangoni hata kidogo: walijivika tu manyoya na silaha za Kingoni, wakaiga na vitisho vyao, na majirani wakakimbia. Vazi peke yake lilitosha.

Septemba 1882 Magwangwara waliivamia misheni ya Masasi, makazi ya watumwa waliokombolewa, wakachukua watu. Kwa watu wa Masasi huo ulikuwa ujambazi. Kwa watu wa Njelu ilikuwa kazi ya heshima, na hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe: mwigaji haigi uhalifu, anaiga ushindi. Hakimu Mfaransa Gabriel Tarde, aliyeona kesi nyingi, aliandika mwaka 1890 kwamba uigaji hushuka kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo. Mwaka 1961 Albert Bandura, huko Stanford, aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kujazwa upepo. Wengi waliyarudia mapigo, hata maneno yake.

Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897 na kupiga marufuku uvamizi. Kisha wao wenyewe wakawa wa kutazamwa. Vita ya Maji Maji ilipofika Ungoni mwaka 1905, askari wao walichoma ghala, wakabeba nafaka, wakafyeka mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Sioni tofauti kubwa kati ya hayo na yaliyotendwa Masasi, ila ukubwa wake. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga viongozi zaidi ya 60, akiwemo nkosi Mputa Gama, ili nchi nzima ijifunze. Songea Mbano naye hakupona kitanzi.

Bandura aliipima na nguvu ya adhabu, mwaka 1965. Watoto waliomwona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo. Walipoahidiwa zawadi, waliiga sawasawa na wenzao. Adhabu ilikuwa imezuia mikono tu. Somo lilikuwa limeshaingia.

Wengi wa walionyongwa 1906 wamezikwa pamoja katika kaburi moja, penye Makumbusho ya Maji Maji, Songea. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapo na kuomba msamaha.